Programu Iliyotafuta Nyumba ya Amuge

Teresa alikuwa amekaa katikati ya kiti cha nyuma, kwenye teksi ya Probox ya kwenda mji wa Malaba, akijifanya amelala. Kulia kwake, mwalimu mkuu aitwaye Oundo alimlalamikia dereva kuhusu programu mpya ya ripoti za wanafunzi.

"Wazazi wanakuja leo saa nane. Kila nikihifadhi ripoti, kompyuta inasema haipati folda ya nyumbani ya Amuge. Mimi naitwa Oundo! Huyo Amuge ni nani?"

Msichana aliyekaa kushoto alikohoa. "Ni mimi, mzee. Programu hiyo niliiandika mimi."

Teresa akafungua macho. Usingizi gani tena?

Amuge alieleza kwamba kila mtumiaji ana folda yake ya nyumbani, ila mfumo wa Linux, anaoutumia yeye, huiweka kwingine, na Windows ya kompyuta za shule kwingine. Programu inafaa kuiuliza kompyuta folda hiyo iko wapi. Yeye hakuuliza, aliandika anwani ya folda yake mwenyewe katika mstari mmoja wa programu.

"Kwa hivyo watoto wangu mia tatu wahamie kwako?"

"Lakini mzee, si mngeweka tu Linux?"

"Shule nzima ibadilishe kompyuta, ndio wewe usibadilishe mstari mmoja?"

Amuge alifungua laptop magotini, akautafuta mstari wenyewe. Ulikuwa mmoja kweli.

"Lakini ilijaribiwa, mzee. Haikuwa na shida hata moja."

"Nani aliijaribu?"

"Mimi," akasema, sauti ikishuka. "Nikiwa nyumbani."

Gari likasimama Malaba. Teresa aliomba apishwe ashuke, lakini hakuna aliyemsikia.