Mama Jumatatu na Kisanduku Kitupu

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, mratibu wetu wa mitaala anastaafu baada ya kukitumikia chuo hiki kwa miaka thelathini na moja. Jina lake liko mlangoni, lakini sisi tumemzoea kwa jina la Mama Jumatatu, kwa sababu ya swali lake moja: mhitimu wa programu hii ataweza kufanya nini Jumatatu ya kwanza kazini, hata kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi? Wahadhiri wenye shahada tatu ukutani wamelikimbia swali hilo kwa kisingizio cha chai.

Aliajiriwa kufundisha kemia, akaazimwa kwa kitengo cha mitaala kwa muhula mmoja tu, na muhula huo haujaisha mpaka leo. Kutulia hawezi. Kwenye vikao huizunguka meza huku sisi tukimfuata kwa shingo, na kiti chake ndicho pekee katika jengo zima ambacho kitambaa chake bado kipya.

Programu ya kwanza aliyoisimamia ilipendeza sana kwenye karatasi. Jedwali kubwa lilibandikwa ukutani: stadi za mhitimu upande mmoja, masomo upande wa pili, na kila mhadhiri akaombwa kuweka tiki pale anapoifundisha stadi. Tuliweka tiki kwa moyo mkunjufu. Uandishi wa ripoti ulipata tiki kila somo, maana nani angekubali kuonekana haufundishi? Kila mmoja akaamini mwenzake anaufundisha, akaendelea na mambo yake. Wahitimu wa kwanza walitoka hawawezi kuandika ripoti ya ukurasa mmoja, na miongoni mwao alikuwa binti yake mwenyewe, aliyeachishwa kazi kabla ya kumaliza kipindi cha majaribio. Mama Jumatatu hakugomba. Alilibandua jedwali lote, kisha akakaa kitini siku kadhaa. Hapo ndipo tulipojua kwamba tumeharibu.

Alipoinuka, tiki zilipigwa marufuku. Tangu hapo kila stadi ina mtu wake: anayeitaka huandika jina kwenye kisanduku cha stadi hiyo katika jedwali jipya, kisha husimama mbele ya wenzake na kuonyesha zoezi atakalowapa wanafunzi. Programu sita zimepita njia hiyo, na si bila jasho. Alitupeleka pia viwandani na maabara za watu kuwatazama wahitimu wetu wakiwa kazini, akitangulia kwa kasi hadi mkuu wa kitivo akaanza kuvaa raba. Binti yake alijifunza upya, na siku hizi ndiye anayesahihisha ripoti za wenzake.

Sasa niseme kinachotunyima raha. Shahada mpya ya ubora wa maji inaingia seneti Jumatatu, yeye akiwa ameshaondoka, na hadi juzi jedwali lake lilikuwa na kisanduku kimoja kitupu: kuwaeleza wakazi, kwa lugha wanayoielewa, kwamba maji yao si salama. Wanakemia tukasema hiyo ni kazi ya watu wa mawasiliano. Watu wa mawasiliano wakasema kemia hawaijui. Mwenyekiti wa kikao akashauri tuweke tiki, mara hii tu, mambo yaende. Mama Jumatatu akaichukua kalamu ya mwenyekiti na kuitia mfukoni mwake. Wiki nzima amekuwa akiufuata ukuta ule wenye jedwali, anatazama, anaondoka, anarudi. Mumewe anasema hata nyumbani hakukaliki: amepanga upya makabati ya jikoni, na sasa anamuuliza yeye, mstaafu mwenzake, ataweza kufanya nini Jumatatu.

Mimi nilikuwa napita mlango wa nyuma nisikutane naye. Nimezoea chupa za maabara; watu wenye hasira na ndoo mkononi wananitisha. Lakini kumwona akitoka getini huku akigeuka nyuma kungenitisha zaidi. Jana nikaandika jina langu. Wanafunzi watakwenda mtaani na matokeo ya vipimo, watayaeleza, na mkazi ndiye atakayesema kama ameelewa.

Mama, asante kwa kutusumbua. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na Jumatatu nyingi zisizo na kikao. Ila kabla hujakabidhi funguo, pita maabara mara moja. Zoezi liko mezani, nami nimeshasimama, nalisubiri swali lako.