Robo ya Jana

Bi Ladda alikuwa akitunga asmini kwenye uzi ndani ya gari la kwenda Trang, huku akimlalamikia abiria wa pembeni asiyemjua, Mzee Thawin. Mkabala nao, abiria mwingine, Wanida, alijifanya anatazama nje.

"Leo kwenye bahati nasibu ya jeshi mpwa wangu kachomoa kadi nyeusi mtungini, kasalimika; nyekundu ndiyo ya kwenda jeshini. Kesho ni zamu ya mwanangu, wilaya nyingine. Niliambiwa nafasi ya wote wawili kupata nyeusi ni robo tu. Mpwa kashaimaliza bahati yetu!"

"Kwani mitungi yao inapigiana simu, mama? Nyekundu na nyeusi ziko sawa kwa sawa?"

"Sawa kabisa, kote."

"Basi robo ilikuwa ya jana, ulipokuwa unawasubiri wawili: nusu ya nusu. Mmoja keshapona. Imebaki nusu ya mwanao."

Uzi ulisimama. Wanida alijikuta anahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo mpwa hakuniibia?"

"Hata chembe."

"Lakini nusu ya kwenda jeshini, mzee wangu, si bado kubwa?"

Kabla hajajibiwa, gari lilisimama sokoni. Bi Ladda aliliweka shada kikapuni.

"Nitalimalizia kesho," alisema akishuka, "nikishajua ni la kushukuru au la kumuaga."