Aurelia Mbano, Aliyekataa Kufunikwa Macho

Tunayemsindikiza leo ni Aurelia Mbano, mke wa Egidi Tawete. Alizaliwa Maposeni tarehe 14 Mei 1945, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Athanasi Mbano. Dada yake Emerensiana, aliyeandika wasifu huu, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka alipojua kutembea.

Shule alisoma hukohuko, 1954 hadi 1957, akaishia darasa la nne. Siyo kwamba kichwa kilikuwa kizito. Akiwa darasa la tatu alilifumua koti la pekee la baba ili aone lilivyoshonwa. Baba alipoliulizia alijibu, "Limelala, baba. Kesho litaamka." Na kweli liliamka, mkono mmoja ukiwa mfupi kidogo.

Tarehe 26 Septemba 1964 alifunga ndoa na Egidi. Walijenga Mshangano, wakajaliwa Beda na Leticia. Aurelia aliweka cherehani kwenye baraza ya duka moja Majengo. Mitumba ilipoanza kumwagika mjini, mafundi wengine walilia. Yeye alifungua robota, akafumua, akashona upya, na wanawake wakamjaa. Akimzungushia mtu futi kiunoni hakukosa neno: "Wifi, hiki ni kiuno au gunia la mbolea?" Naye alijibiwa, "Pima, fundi, acha maneno!"

Mwaka 1987 alipatwa na mwasho shingoni na kwenye viwiko. Ngozi ilifanya kijivu kama jivu la jikoni, na palipopona pakabaki mabaka meupe. Mganga wa zahanati moja alifungua kitabu chake kilichotoka ng'ambo. Waliopigwa picha humo wote walikuwa Wazungu, na pumu ya ngozi ilionekana nyekundu kama nyanya iliyoiva.

"Mama, wewe huna wekundu. Basi siyo hii."

"Nitautoa wapi wekundu, mganga, na ngozi hii?"

Mganga hakucheka. Alifunua kurasa za mbele, akatazama yale mabaka, akaandika ukoma.

Juni mwaka huo Egidi alimpeleka kwenye makazi ya wagonjwa. Dawa alizomeza miaka miwili zilimgeuza rangi akawa kama chungu kilichokaa motoni, na waliokwenda kumwona walirudi wakisema, "Si mmeona? Ugonjwa wenyewe ndio huo." Alipomaliza dawa, 1989, aliambiwa anaweza kurudi kwake. Akafunga mzigo, akakaa nao mlangoni siku tatu. Hakuna aliyekwenda kumchukua. Egidi yupo hapa, anajua. Emerensiana naye alikuwa na miguu. Siku ya nne Aurelia aliufungua mzigo, akakaa miaka miwili mingine.

Agosti 1991 alifika pale Daktari Asma Muhsini. Alikuwa akikusanya picha za magonjwa ya ngozi kwa ajili ya kitabu cha zahanati, kitabu chenye ngozi kama zetu, maana vilivyokuwepo havikutujua. Alimfumba Aurelia macho, akamgusa baka kwa pamba.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, mwanangu. Miaka minne nasikia."

Daktari aliketi chini. Baka la ukoma hufa ganzi, na haya yalisikia. Haukuwa ukoma tangu mwanzo. Ilikuwa pumu ya ngozi.

Alimwandikia cheti, akatuma habari nyumbani. Emerensiana alikwenda kumchukua, akamkuta anaombwa apigwe picha. Alimvuta pembeni. "Mdogo wangu, usikubali. Ukiingia kwenye kitabu hicho hutatoka tena. Na Leticia ana posa."

"Dada, kwani sasa niko nje?"

Daktari aliwatuliza: picha ingezibwa macho kwa mstari mweusi, ndivyo taratibu. Hapo Aurelia alisimama. "Wanaofunikwa macho ni wezi. Mimi nimeiba nini?" Akapigwa uso wazi, na uso wazi ndivyo alivyo kitabuni hata leo.

Alirudi Mshangano na cheti chake, lakini cheti hakikumfungulia mlango. Kwenye pombe, kata ya komoni ilimruka ikaenda kwa jirani. Posa ya Leticia ilivunjika. Wateja wachache walirudi, wakasimama mbali na cherehani: "Nipime kwa macho tu, fundi hodari kama wewe." Alipima kwa macho miaka mitano, na hakukosea kiuno hata kimoja.

Mwaka 1995 mama mmoja, Mwanaheri, alishuka kwenye basi la Tunduru akimuulizia mama wa kitabuni. Binti yake alikuwa na mabaka kama yale, karibu apelekwe makazini, mpaka muuguzi alipofungua kitabu na kuukuta mkono wa Aurelia pichani. Mwanaheri aliingia, hakupiga salamu ndefu. Alimshika mikono yote miwili, akaibana kifuani. Sisi tuliokaa naye tulikuwa hatujawahi kufanya hivyo tangu arudi.

Shinikizo la damu lilimsumbua tangu mwaka jana. Alipata kiharusi, akafariki hospitalini Jumatatu, tarehe 3 Februari 1997, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na dada mmoja.

Jeneza halijafungwa. Dada yake ameomba lisifungwe mpaka kila mmoja wetu apite amshike mkono. Hauambukizi. Haukuwahi kuambukiza. Egidi ataanza.

Apate pumziko kwa Mungu, aliyempa ngozi ile.