Usimvue, Anasasishwa

Benchi lenyewe liko chini ya dirisha la duka letu, ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na upande wa kulia unacheza, kwa hiyo anayekaa kule lazima ajue kujishikilia. Kila asubuhi wanakaa watatu walewale na muuza kahawa anawasimamia kama mgonjwa anavyosimamiwa na dripu. Kuna Volteji, fundi umeme, ambaye shoti zimempiga hata anazitaja kama majirani. Kuna Kocha, ambaye hana timu na hakuna aliyewahi kuiona. Na kuna Mzee Kifungu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata mvua ikinyesha atakwambia inanyesha kwa kifungu gani. Mume wangu wanamwita Rubani, kwa sababu ya kazi yetu: mle dukani tuna kompyuta moja kubwa na miwani ya michezo, ile nyeusi inayofunika nusu ya uso kama kinyago, ukiivaa unajiona umo ndani ya mchezo wenyewe, ukigeuza shingo na dunia ya mle inageuka nawe. Watu wanakuja, wanarusha ndege, wanachapana na mazimwi, sisi tunakula. Basi asubuhi hiyo wao wako kahawa ya kwanza, mimi nikatoka mbio, mtoto mgongoni, hata salamu sikutoa.

Mimi: Jamani Rubani anayumba! Ameshika meza, anasema chumba kinamkimbia, anataka kutapika. Ile picha mle kwenye miwani inakwamakwama, yeye akigeuka picha inabaki nyuma halafu inamkimbilia, na jana ilikuwa nzima, nzima kabisa, ni hii kompyuta imejisasisha, ile draiva, ile programu inayoiongoza kadi ya picha, imebadilishwa mpya, na ndiyo imeharibu!

Volteji: Shemeji, vuta pumzi kwanza. Kompyuta inasema nini?

Mimi: Imesema kuna sasisho jingine la kurekebisha lile la kwanza. Akabonyeza ndiyo.

Kocha: Dawa ya kutibu dawa.

Mimi: Sasa inasasisha, miwani bado iko usoni kwake, na kompyuta imeandika kwa herufi kubwa, USIZIME.

Neno hilo lilimwinua Volteji. Mimi nilikuwa nimesharudi ndani, nimeshamshika mume wangu bega, ndipo kichwa cha Volteji kikaingia dirishani kama cha mbuzi.

Volteji: Usiguse! Wewe shemeji, mkono! Rubani, kaa hivyohivyo, usitikise kichwa! Ukikata kitu katikati ya sasisho, umekiua!

Mkono ulinirudi wenyewe kama nimegusa pasi ya moto. Mume wangu akatulia kwenye kiti, viganja magotini, uso plastiki tupu, jasho linamshuka shingoni. Nikamwita, akaitika "mm." Nikamwuliza unaumwa wapi, akasema "mm." Nikatoka tena nje, maana ndani kulikuwa na woga peke yake na nje angalau kulikuwa na wanaume watatu wenye majibu.

Mzee Kifungu: Kaa, mwanangu. Mpeni nafasi mama mtoto. Si huko kulia.

Mimi: Mzee, atapona?

Mzee Kifungu: Tuanze na maandishi. Mashine imeandika usizime. Haikutaja usizime nini. Sheria isipotaja kitu, inashika vyote vilivyounganishwa. Rubani ameunganishwa au hajaunganishwa?

Volteji: Ameunganishwa. Waya umetoka ukutani, umeingia kwenye kompyuta, umetoka kwenye kompyuta, umeingia kwenye miwani, miwani iko usoni kwake. Sasa hivi Rubani ni sehemu ya saketi.

Mimi: Mungu wangu.

Volteji: Usiogope. Ilimradi hajavuliwa.

Kocha: Mimi tatizo langu si umeme. Tatizo langu ni macho. Hebu fikirini, tangu asubuhi macho yake yamezoea kuona kwa kuchelewa. Mazoezi ni mazoezi. Mchezaji ukimzoesha kukimbia na matairi, ukiyatoa ghafla anaanguka. Tukimvua sasa, atamwona shemeji yuko mlangoni wakati shemeji ameshafika jikoni.

Volteji: Maisha yake yote atakuwa anasalimia hewa.

Kocha: Na mtoto je? Atamnyanyua pale alipokuwa, wakati mtoto ameshatambaa.

Mtoto wangu hajaanza hata kutambaa, lakini nilimvuta mgongoni nikamfunga upya, nikambana. Nikachungulia dirishani. Amekaa vilevile. Ule mstari wa sasisho kwenye kompyuta ulikuwa umefika asilimia tisini na tisa na ukagoma hapo. Nikawaambia.

Mzee Kifungu: Haba na haba hujaza kibaba. Bado asilimia moja tu.

Volteji: Hiyo moja ndiyo yenye kazi, mzee. Hizo nyingine zote ni salamu.

Mimi: Lakini si inawezekana kuirudisha ile draiva ya zamani? Yeye mwenyewe alisema hivyo kabla hajabonyeza, alisema ikishindikana nitarudisha ya zamani, ile ya jana, maana miwani ilikuwa inakubaliana nayo.

Mzee Kifungu: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Kocha: Ngamani ndiyo wapi, mzee?

Mzee Kifungu: Ni mle ndani ya kompyuta, nyuma kabisa. Zinakokaa draiva za zamani.

Volteji: Kurudisha inawezekana. Swali ni itarudi nini. Maana wakati huu mashine haijui kompyuta inaishia wapi na Rubani anaanzia wapi. Ukiirudisha nyuma, na yeye anarudi.

Kocha: Nyuma ya lini?

Volteji: Hapo sasa. Toleo la jana, toleo la mwaka juzi, kompyuta ndiyo itakayochagua.

Kocha: Mwaka juzi hakuwa ameoa.

Wakanitazama wote watatu. Muuza kahawa naye akanitazama, na birika likiwa limeinama hewani bila kumimina.

Mimi: Kwa hiyo atatoka mle hanijui?

Kocha: Si vibaya sana, shemeji. Toleo lile la mwaka juzi lilikuwa zuri. Alikuwa akipita hapa anatupa mkono mmoja mmoja.

Mimi: Mimi nauliza atanijua mimi! Nina mtoto mchanga hapa! Kwetu ni mbali, mama yake ana presha, nitaenda kumwambia nini, mwanao amerudi mwaka juzi?

Mzee Kifungu: Taratibu, mwanangu. Kisheria ndoa haifi kwa kurudi nyuma. Utakachofanya, utajitambulisha upya, na mashahidi ni sisi. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Kocha: Na miwani yake.

Volteji: Na likitokea la kutokea, tupo.

Kocha: Hasa! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mimi: Koleo ndiyo nani, Kocha?

Kocha akaangalia ndani ya kikombe chake. Mimi kufika hapo nilikuwa nalia, na mtoto akasikia nalia akaanza na yeye, na Mzee Kifungu akanyoosha kidole juu kuomba utulivu wa mahakama, akasema yeye ameshaelewa kila kitu. Akasema haya masasisho hayarekebishi chochote. Jana picha nzima, leo mbovu, hakuna fundi wa hivyo duniani. Wanaoyatengeneza wanakitafuta kichwa cha mtu. Wanaiharibu picha makusudi ili uivae miwani kuikagua, ukishaivaa wanakuambia subiri, na wakati unasubiri wanayanakili mawazo yako yote.

Volteji: Ya Rubani watayanakili dakika ngapi?

Mzee Kifungu: Usicheke. Ndiyo maana imekwama tisini na tisa. Imefika kwenye siri.

Kocha: Siri gani?

Mzee Kifungu: Ningeijua ingekuwa siri?

Nikawaza siri gani aliyonayo mume wangu ambayo hata kompyuta kubwa vile inashindwa kuimeza. Nilisimama hapo dirishani nimeshika ukingo, nawaza mambo ya kijinga kabisa, nawaza na jina la yule msichana aliyekuwa anakuja kurusha ndege kila Jumamosi. Ndani, mume wangu alinyanyua kidole kimoja kutoka gotini. Kimoja tu. Kisha akakirudisha.

Mimi: Amesogea!

Volteji: Kidole cha mkono gani?

Mimi: Wa kushoto.

Volteji: Basi ni chaji hiyo inashuka. Usimguse.

Ndipo akatokea mama mmoja tusiyemjua, ana kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kisigino kimeng'oka, anatafuta fundi viatu. Kocha akamwambia mama, tuko msibani kidogo, subiri. Mama akashtuka, akateremsha kiatu, akauliza nani amefariki. Volteji akasema hakuna aliyefariki, bado. Wakamweleza. Yaani walimweleza wote watatu kwa mara moja, saketi, macho yanayochelewa, ngamani, siri, mwaka juzi, na yeye anageuza shingo kwa huyu na kwa yule. Halafu akaja pale dirishani nilipo, akachungulia juu ya bega langu. Akamwangalia mume wangu kwenye kiti kwa kitambo.

Yule mama: Kwani hicho kitu hakivuliki?

Volteji akachungulia naye dirishani.

Kocha akamwangalia Volteji. Mzee Kifungu akasafisha koo, kama mtu anayetaka kutaja kifungu, akaendelea kulisafisha. Muuza kahawa akainua birika, akalitikisa, likawa jepesi.

Yule mama: Nauliza tu. Nimeona kina mkanda pale kisogoni.

Niliingia. Sikumbuki mlango. Nilimshika kichwa kwa mkono huu, na kwa mkono huu nikavuta ule mkanda, na miwani ikatoka palepale, nyepesi, kama unavyomvua mtoto kofia. Hakuna cheche. Kompyuta haikusema kitu, iliendelea na tisini na tisa yake. Macho ya mume wangu yalikuwa mekundu, na alama imemzunguka uso mzima, pua hadi paji, akapepesa, akapepesa, akamtazama mtoto begani kwangu, mtoto akanyamaza. Nikasogea kulia. Akanitazama kulia. Nikasogea kushoto.

— Unafanya nini? akaniuliza.

— Nangoja nione kama utachelewa.

Hakuelewa, au alielewa, sijui. Akainama akatapika kwenye ndoo, akajifuta kwa fulana, nikampa maji. Akanywa yote. Nikamwuliza, wewe mbona hukuivua mwenyewe, mikono si unayo? Akasema nilikuwa nawasikia dirishani. Mtu wa umeme anasema usiguse, mzee wa mahakama anataja sheria, nikafikiri wanakiona kitu nisichokiona mimi, nimezibwa macho. Nikanyanyua kidole ili uje.

Huko nje sauti zilikuwa zimerudi. Volteji alikuwa akisema yeye aliyajua ya mkanda tangu mwanzo, ila alikuwa anangoja chaji ishuke. Mzee Kifungu alikuwa anaeleza kwamba kisheria kuvua si kuzima. Kocha alikuwa anamwuliza yule mama kiatu hicho kilivunjikia wapi, na tayari alikuwa na maoni juu ya kisigino.

Mume wangu akaiweka glasi chini.

— Nilikusikia na wewe, akasema. Ulikuwa hapohapo dirishani. Mbona hukuingia?

Nikamshusha mtoto mgongoni, nikampa amshike.