Mwewe wa Tangi la Kambi

OPERETA: Koboko? Ongea, Arua iko kwa laini.

KALTUMU: Haloo? Haloo! Nani huyo?

TAHIRU: Mama Hamuza? Ni mimi.

KALTUMU: Baba Hamuza! Wewe iko wapi? Tangu asubuhi mimi nakaa hapa kwa duka ya mjomba Fadhul, nangoja simu tu—

TAHIRU: Watoto hawajambo?

KALTUMU: Hawajambo. Pitia, yule dereva wa lori, alipita asubuhi. Anasema askari walikuja studio, walikubeba. Ni kweli?

TAHIRU: Niko salama. Niko hapa kambini.

KALTUMU: Kambini! Ya Rabi! Walikupiga?

TAHIRU: Afande iko hapa karibu yangu. Mutu mzuri. Amenipa simu yake.

KALTUMU: [kwa sauti ya chini] Anasikia mimi?

TAHIRU: Hapana, anasikia mimi tu. Sikia, mama. Mutu alimwambia mimi nilipiga picha ya kambi.

KALTUMU: Si nilikuambia! Nilikuambia hiyo mwewe yako italeta taabu! Ndege yenyewe mwizi, imemaliza vifaranga ya jirani yetu Candiru yote, na wewe unapanda paa ya soko na kamera kwa sababu yake—

TAHIRU: Kaltumu. Ngoja.

KALTUMU: Mji mzima haina mti ingine? Lazima tangi ya maji ya kambi?

TAHIRU: Mimi sikuchagua, ni mwewe alichagua. Nimemwambia afande: kiota iko juu ya tangi, mimi napiga kiota tu. Amekubali kuangalia. Anataka filamu. Tutasafisha mbele ya macho yake. Kama ni ndege tu, narudi nyumbani.

KALTUMU: [simu inakwaruza] Haloo? Umesema filamu?

TAHIRU: Filamu, ndiyo! Ile iko ndani ya kamera nilikupa kwa harusi ya Medina. Mwanzo ni mwewe, halafu ni zile zako za ndani, za henna.

KALTUMU: Na kama hakuna filamu?

TAHIRU: Iko. Si iko?

KALTUMU: Haloo? Sikusikii vizuri.

TAHIRU: Mama Hamuza, laini inapotea. Filamu iko?

KALTUMU: Pitia alisema wanatafuta picha. Mimi niliogopa. Nilisema wakiikuta watakuua. Na Medina iko ndani ya filamu hiyo, dada yangu, bibi harusi, kichwa wazi, mabega wazi, henna bado mbichi. Hata wewe mume wangu haukuingia chumba ile, ndiyo sababu ulinipa mimi kamera. Sasa askari waone? Nikasema hapana—

TAHIRU: Kaltumu.

KALTUMU: Nikafungua kamera kwa jua. Nikavuta yote. Imeisha, Baba Hamuza. Imekuwa nyeusi yote.

[simu inakwaruza]

KALTUMU: Haloo? Umesikia? Sema kitu. Nitukane!

TAHIRU: Vizuri.

KALTUMU: Vizuri nini?

TAHIRU: Vizuri sana. [mbali kidogo na simu] Afande, mke wangu anasema filamu iko salama. Ameifunga kwa kitambaa.

KALTUMU: Wewe unasema nini! Mimi nimesema—

TAHIRU: Nimesikia ulichosema. Afande anatuma landrova kesho asubuhi, kuichukua hapo dukani.

KALTUMU: Hapa? Kwangu? Watakuta nini?

TAHIRU: Ndiyo, kwako. Asubuhi. Lakini leo usisahau harusi ya Kasereka.

KALTUMU: Kasereka gani? Yule wa vitenge? Kasereka iko ng'ambo, kwa Kongo, na hana harus—

TAHIRU: Ndiyo. Huyo. Mimi sitaweza kufika, uende kwa niaba yangu. Beba watoto wote. Beba Medina.

KALTUMU: [polepole] Na mjomba Fadhul?

TAHIRU: Mjomba pia anapenda sherehe.

KALTUMU: Na wewe?

TAHIRU: Mimi nangoja filamu hapa na afande.

KALTUMU: Hapana. Hapana! Mimi nakuja Arua, namwambia mwenyewe, ni mimi niliharibu—

TAHIRU: Hamuza atabaki na nani? [mbali kidogo na simu] Haya, afande, namaliza. Namwambia tu picha gani ni muhimu.

KALTUMU: Nisamehe. Wallahi nilifikiri nakuokoa.

TAHIRU: Najua. Sikia, kuna picha moja. Mvua ilianza, mwewe mama akafungua bawa, akaweka mtoto chini yake. Yeye alilowa yote, mtoto hata tone. Hiyo ndiyo picha nilipanda kutafuta. Umeelewa?

KALTUMU: Nimeelewa.

TAHIRU: Basi. Enda uvae, utachelewa.

KALTUMU: Nitakuona lini?

TAHIRU: Salimia Hamuza. Mwambie baba yake hakupiga picha ya—

KALTUMU: Haloo? Tahiru? Tahiru!

[laini kimya]

OPERETA: Mama, Arua imekata.

KALTUMU: Rudisha! Tafadhali, ndugu yangu, rudisha, hajamaliza kusema.

OPERETA: Amemaliza, mama.

KALTUMU: Wewe ulikuwa kwa laini?

OPERETA: Leo simu yangu inakwaruza, sikusikia kitu. Weka simu chini, mama. Harusi iko mbali, na mpakani wanafunga mapema.