Ensio Heiskari na Supu Isiyosifiwa

Marehemu Ensio Heiskari alizaliwa tarehe 14 Februari 1947 huko Kuhmo, mtoto wa nne wa Aarne na Lempi Heiskari. Alisoma shule ya kijijini kwao hadi 1961, ambako mwalimu wake aliandika kwamba mtoto huyu ana uwezo, ila yuko msituni.

Mwaka 1966 aliajiriwa kuendesha greda, na kwa miaka arobaini na mmoja alisawazisha barabara ambazo kila majira ya kuchipua zilirudi kuwa matope. Hakulichukulia kama jambo la kibinafsi.

Julai 1971 alimwalika Hellevi Piirainen, pamoja na dada yake kwa ajili ya heshima, kupiga kambi kando ya ziwa Lentua. Mfuko wa chakula ukasahaulika kwenye ngazi za nyumba. Ensio akavua sangara wadogo, akakuta unga wa shayiri chini kabisa ndani ya begi, akachuma beri chachu, na kwa kuwa sufuria nayo ilikuwa kwenye ngazi, akachemsha vyote ndani ya birika la kahawa. Kahawa ya asubuhi ilikuwa na magamba. Hellevi alikula na kunywa bila kusema neno. Walifunga ndoa Juni 1972.

Kwetu chakula kizuri huliwa kimya. Sifa ni za kumliwaza aliyeunguza. Kwa miongo mitano Ensio alipikia familia kwenye moto wa kambi, kwa chochote kilichopatikana, na hakusifiwa hata mara moja. Alijivunia sana jambo hilo.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na uvimbe chini ya ulimi. Mionzi iliuondoa, ikaondoka na ladha pia. Aliendelea kupika, nasi tukaendelea kula, mpaka Jouko, mkwe wake, mtu wa jiji la Helsinki na mwenye huruma, alipofungua mdomo.

“Baba, supu ya leo tamu kweli!”

Ensio akaweka kijiko chini. “Tangu lini supu yangu inasifiwa?”

“Kula, mzee, usianze,” alisema Hellevi.

“Outi. Chumvi vipi?”

Binti yake alitazama moto. “Inatosha samaki wa pipa zima, baba.”

Ensio akampa mwiko. “Haya, shika wewe. Na usipime. Vipimo viko nyumbani.”

Tangu siku hiyo Outi alipika, baba akachochea moto. Alikula vijiko vitatu, akasukuma bakuli, kimya. Outi hakujua kama ni kimya cha chakula kizuri au cha mdomo uliokufa. Alipouliza, aliambiwa asipige kelele, samaki wanasikia.

Uvimbe ulirudi kiangazi hiki. Mwezi Septemba aliomba kupelekwa Lentua. Kwa haraka ya kumfunika blanketi, mfuko wa chakula ulibaki kwenye ngazi. Outi akavua sangara, akakung'uta unga uliobaki begini, akachuma beri, akatazama huku na huku, kisha akachukua birika.

Ensio alikula supu yote. Akakomba bakuli kwa kidole, akalisogeza mbele ya bintiye aongezewe, bila neno. Safari hii Outi hakuuliza.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Oktoba 2025. Ameacha mjane, Hellevi, binti, Outi, mkwe, Jouko, na wajukuu wawili.

Baada ya mazishi kuna supu ufukweni, ya Outi. Waombolezaji mnaombwa msiisifu. Ensio, pumzika, moto tutauchochea sisi.