Anioshe Idarus

Nisikizani wanangu, Ziad na Areej, nisikizani pamoja, maana sina nguvu ya kusema mara mbili. Ziad amekwenda kwa Idarus na amerudi peke yake. Idarus amesema haingii nyumba hii mpaka nimwambie kwa kinywa changu alinikosea nini hata nikamtukana mlangoni pa msikiti mbele ya watu wa mtaa wetu wa Kuze. Ana haki. Hakunikosea kitu.

Mnajua nina saratani ya tezi dume kwa sababu mwezi uliopita mliniokota msalani nimeanguka, daktari akawaambia. Msilojua ni kuwa mimi naijua mwaka wa nne sasa. Areej, geukia dirishani mwanangu, haya si ya binti kuyasikia huku akimtazama babake usoni. Ile safari niliyowaaga kuwa nakwenda Lamu kwenye Maulidi, Lamu sikufika. Nilikuwa Nairobi nimelazwa, nikatolewa mapumbu yote mawili, kwani daktari alisema ndiyo yanayoulisha ugonjwa. Niliporudi niliwaletea halua niliyoinunua papa hapa mjini, mkala mkifurahi, nami nimeketi nawatazama, najiona si mwanamume tena.

Mamenu, Hind, nilimwacha juu nikahamia chumba cha chini, nikamwambia ngazi zanishinda. Alinifukizia kanzu kwa udi, akashuka akaketi kitandani pangu, nami nikamwambia nina usingizi. Alikufa akidhani nimemchoka. Hilo sina wa kumwambia tena, naingia nalo kaburini.

Halafu mkojo ukawa hauzuiliki. Tangu ujana wetu mimi na Idarus tuliswali safu ya mbele, bega kwa bega. Nikaanza kujificha nyuma karibu na viatu, nimejifunga matambara ndani ya kikoi. Siku moja akanifuata mlangoni akaniambia polepole, "Ndugu yangu, una nini? Niambie mimi." Alisema kwa huruma, nami nikadhani ameisikia harufu. Nikampigia kelele kuwa ananichunguza apate kunitangaza mji mzima. Nilimwambia hivyo mtu anayeosha maiti wa mtaa huu miaka arubaini, aliyeona vidonda na aibu za kila nyumba, na hakuna aliyepata kusikia kwake hata neno moja. Angenisitiri. Msikitini sikurudi tena, nanyi mkasema mzee ana kisirani.

Kitanda cha samadari cha mamenu ni cha Areej. Nyumba gawanyeni kama sheria isemavyo, na chumba hiki cha chini kioshwe, kipakwe chokaa, harufu yangu itoke. Ziad, umefika miaka arubaini na tano, na ugonjwa huu hupita kwenye damu, baba hadi mwana. Nenda kapime wiki hii, na mkeo umchukue, ajue kwako kabla hajajua kwa watu. Mimi sikufanya hivyo na umeniona nilivyokuwa.

Wapi waenda? Rudi uketi. Najua unataka kukimbilia kwa Idarus umweleze. Sitaki. Nikiwa hai siwezi kumtazama naye anajua. Nimenyang'anywa kila kitu na kiburi hiki kimebaki, wallahi sijui kwa nini. Ngojeni nife. Kisha kampigie hodi, usimtaje babako, mwambie kuna maiti Kuze haina wa kuiosha. Maiti hajapata kuikataa. Akishaingia mtekeeni maji, mpeni kitambaa cha kuvaa mkononi, mtoke nyote, mfunge mlango. Atanifunika kiunoni kama anavyowafunika wote, lakini mkono wake utajua.

Nimechoka. Areej, sasa geuka nikuone. Lia, si kitu. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakisha, na Mungu awape nyinyi ulimi wa kusema mambo mapema... Maji kidogo. Basi, yatosha.

Ziad... Idarus akitoka chumbani, msimuulize kitu. Mtazameni uso tu. Akitoka analia... mjue nimemwambia.